UFAFANUZI: KUPIMWA ULEVI BARABARANI

Watumishi na wananchi wanaosafiri baina ya Sirari, Tarime na Mugumu wanafahamishwa kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa askari uwezo wa kumpima pumzi dereva anayeshukiwa kunywa pombe. Kukataa bila ya sababu ya msingi ni kosa. Dereva hupuliza mfululizo katika mrija wa kipima ulevi mpaka kitoe ishara, kwani pombe iliyomo damuni hutoka pamoja na pumzi ya mapafuni. Kahawa, maji baridi au karafuu haviiondoi. Muda pekee ndio uiondoao. Hivyo, aliyekesha akinywa huweza kukutwa bado amelewa alfajiri, hali roho za abiria zimo mikononi mwake. Asishike usukani.