Viambishi vya Sukari Katika Ubongo

Huku Busia na Tororo malaria kali huwaletea watoto degedege, na wapo wanaoyahusisha maradhi hayo na mashetani. Mwalimu wa lugha anaweza kuyaeleza.

Shina pik- halisimami peke yake mpaka lipate viambishi: a-na-pik-a. Vivyo hivyo vipokezi vya GABA-A, vinavyotuliza ubongo. Kila kimoja huundwa kwa vipande vitano vya protini, vilivyopachikwa minyororo ya sukari ili vikunjike sawasawa na kufika juu ya seli. Minyororo ya vipande viwili vya alfa huziba uwazi wa katikati. Cha tatu hukosa nafasi.

Diazepamu anayopewa mtoto hospitalini hufanya kazi kupitia vipokezi hivyohivyo. Mzazi akielewa hayo, ataanzia hospitali, si kwa mganga.