Hisabati ya mikono mingi: wanaojitolea kuandika katika Wikipedia

Mzazi anapompa mwanawe simu ili atafute maana ya kipeuo cha pili au ya namba tasa, aghalabu ukurasa unaojitokeza mwanzo ni wa Wikipedia, kamusi elezo huru ya intaneti. Mtoto husoma, hunakili katika daftari, kisha huenda zake. Ni wachache wanaouliza: ni nani aliyeyaandika maneno haya, na kwa nini tuyaamini? Mwalimu wa darasani tunamjua. Mtunzi wa kitabu cha kiada jina lake limo jaladani. Aliyeandika ukurasa ule hana jalada wala mshahara, na pengine anajulikana kwa jina la kujipachika tu. Tumeona kuwa swali hilo linastahili nafasi katika ukurasa huu wa familia, kwa kuwa elimu wanayoichota watoto wetu humo ni amana, na ni haki ya mzazi kujua kisima kimechimbwaje.

Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Wakati huo wapenzi wa hisabati walikuwa wamekwisha kuonja uchungu. Mwenzao, Eric Weisstein, alikuwa amekusanya kwa miaka mingi maelfu ya maelezo ya hisabati na kuyaweka wazi kwa kila mtu chini ya jina la MathWorld. Mwezi wa Oktoba 2000 hazina hiyo ilifungwa kwa amri ya mahakama, baada ya kampuni ya CRC Press, iliyokuwa imeichapisha kazi yake kama kitabu, kudai haki zake. Ilifunguliwa tena Novemba 2001, lakini katika kipindi hicho watu walikuwa wamejifunza kwamba elimu iliyo mikononi mwa mtu mmoja hufungwa kwa mlango mmoja. Aaron Krowne na Nathan Egge wakaanzisha PlanetMath, iliyoandikwa na wengi kwa masharti yasiyoruhusu yeyote kuifungia kabatini. Kwa kuwa masharti hayo yalifanana na ya Wikipedia, baadaye wanaojitolea waliketi wakapitia makala za PlanetMath moja baada ya nyingine, wakazihamishia zilizofaa. Mpaka leo mwalimu anaruhusiwa kuchapa makala ya Wikipedia na kuwagawia wanafunzi wake bila kumlipa mtu, mradi ataje alikoitoa.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa cha uandishi wenyewe. Hisabati haiandikwi kwa herufi za kawaida tu. Ina sehemu, vipeo, na alama ambazo mashine ya kuchapia haina. Tangu mwaka 2003 wahariri wa Wikipedia wameweza kuandika milinganyo yao kwa TeX, mfumo uliobuniwa na Profesa Donald Knuth ili vitabu vya hisabati vipendeze machoni. Huo ni utumwa wa aina yake: mstari mmoja wa mlinganyo huweza kudai mabano na vistari kadhaa, na ukisahau bano moja tu, mstari wote huvurugika.

Katika Wikipedia ya Kiingereza wahariri wa hisabati wamejikusanya katika kundi lenye kurasa zake za mashauriano. Humo wamo maprofesa, walimu wa shule, wanafunzi, wahandisi, na watu ambao hawajawahi kutaja kazi zao. Makala za somo lao wamezipanga kwa mizani miwili. Mmoja hupima ubora, kuanzia makala iliyoanzwa tu hadi makala teule iliyopita katika tundu la sindano. Mwingine hupima umuhimu, yaani somo hilo linahitajika kiasi gani kwa msomaji. Hekima ya mpango huu ni kwamba huonesha aibu mahali ilipo: makala ya jambo la lazima kwa kila mwanafunzi iliyo hafifu hujitokeza yenyewe, na mwenye nafasi jioni hiyo hujua pa kuanzia.

Kila makala ina ukurasa wa majadiliano nyuma yake, na ina historia inayohifadhi kila badiliko, saa lilipofanywa na jina la aliyelifanya. Mharibifu akija akabadili tarakimu moja ya thamani ya pai, mwingine anayeilinda makala hiyo huliona badiliko na kuirudisha ilivyokuwa. Na ipo kanuni inayowauma wenye vipaji: haikubaliki kuweka humo ugunduzi wako mwenyewe. Hata ukipata uthibitisho mpya ulio sahihi kabisa, uchapishwe kwanza kwingine na upitiwe na wenye elimu, ndipo kamusi elezo iunukuu. Sisi tunaiona kuwa kanuni ya haki, maana mtoto hana uwezo wa kumtofautisha mgunduzi na mdanganyifu.

Makala moja inaeleza kazi hii vizuri kuliko maelezo yetu yote. Inahusu namba 0.999…, yaani nukta kisha tisa zisizokwisha. Wanahisabati wanasema namba hiyo ni sawa na 1, sawa kamili, bila upungufu wa hata chembe. Msomaji asikasirike, wengi wamekasirika kabla yake. Aliyesoma faraidh anajua kuwa theluthi tatu ni kitu kizima. Sasa theluthi moja kwa desimali ni 0.333…, na mara tatu yake ni 0.999…. Theluthi tatu zile zile zimevaa nguo nyingine. Au chukua namba hiyo uizidishe kwa 10, upate 9.999…, toa namba yenyewe, ibaki 9 kamili. Basi mara tisa ya namba hiyo ni 9, na yenyewe ni 1.

Wapo wasioridhika. Husema: imeikaribia 1 lakini haijaifikia. Wahariri walijibiwa hivyo mara nyingi, na watu wapya kila mwezi, hata wakalazimika kuutenga ukurasa wa pekee kwa ajili ya mabishano hayo ili ukurasa wa majadiliano upate kupumua. Wangeweza kuwafukuza wabishi. Wengi wao walichagua kuwajibu: ikiwa hizo ni namba mbili tofauti, tutajie namba iliyo katikati yake. Hakuna aliyeitaja, maana haipo.

Lakini kilichotuvutia zaidi ni yale waliyofanya wao kwa wao. Baadhi walikiri kwamba uthibitisho ule wa theluthi, ingawa ni mwepisi, unamtaka msomaji akubali mambo mawili bila kuyachunguza: kwamba desimali isiyokwisha ni namba kweli, na kwamba inaweza kuzidishwa kama zile zinazokwisha. Hapo ndipo mzizi wa fitina. Kwa hiyo makala ikaongezwa maelezo ya maana yenyewe ya desimali isiyokwisha, ikaongezwa uthibitisho mzito kwa wanaoutaka, na ikaongezwa pia sehemu inayoeleza kwa nini wanafunzi hukataa, kwa kutegemea tafiti za elimu za watu kama David Tall, ambaye tangu mwaka 1978, akiwa na mwenzake Rolph Schwarzenberger, aliandika kuhusu namna wanafunzi wanavyogongana na fikra hii. Mabishano yaliyoonekana kero yaligeuzwa kuwa sehemu ya elimu. Mwaka 2006 makala hiyo ilipandishwa ikawa makala teule.

Haiwi hivyo kila mara. Kuna chemshabongo inayoitwa kwa jina la Monty Hall, mtangazaji wa mchezo wa televisheni wa Marekani. Mbele yako ipo milango mitatu. Nyuma ya mmoja lipo gari, nyuma ya miwili wapo mbuzi. (Kwetu mbuzi si hasara, lakini tuwaachie wenyewe mfano wao.) Unachagua mlango. Mtangazaji, anayejua gari lilipo, anafungua mwingine wenye mbuzi, kisha anakuuliza: utabadili? Jibu sahihi ni kwamba anayebadili hupata gari mara mbili katika kila tatu. Marilyn vos Savant alipoliandika jibu hilo katika gazeti la Parade mwaka 1990, alipokea barua zipatazo 10,000, nyingi zikimkanusha, na karibu 1,000 kati ya hizo ziliandikwa na wenye shahada za uzamivu. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Wahariri wa Wikipedia hawakutofautiana juu ya jibu. Wote walikubali kuwa ni theluthi mbili. Walitofautiana juu ya njia ya kulieleza: wengine walitaka maelezo mafupi yanayomtosha msomaji wa kawaida, wengine wakashikilia kwamba maelezo hayo yana mwanya, na kwamba hesabu ikamilike kwa kuzingatia ni mlango upi hasa uliofunguliwa. Ubishi ulichukua miaka, maneno yakawa makali, na mwaka 2011 baraza la usuluhishi la wahariri likalazimika kuingilia kati. Watu wazima, wasiolipwa hata senti, wanagombana kuhusu mbuzi wawili na gari moja! Hata hivyo hatuwacheki sana. Kila upande ulikuwa unamtetea msomaji. Mmoja ulihofia atachoka, mwingine ulihofia atadanganyika. Kila mwalimu hubeba hofu hizo mbili anapoingia darasani, na kwa maoni yetu kosa lao lilikuwa kusahau kwamba makala moja ina nafasi ya kuanza kwa wepesi na kumalizia kwa uzito.

Hapa ndipo makala za hisabati hulaumiwa zaidi. Nyingi ni sahihi, lakini zimeandikwa na wajuzi kwa ajili ya wajuzi. Msomaji anaingia kutafuta neno moja, anatoka na maneno kumi asiyoyajua. Miongozo ya wahariri wenyewe inahimiza kwamba mwanzo wa makala ufahamike kwa watu wengi iwezekanavyo, ila kuandika kwa wepesi bila kusema uongo ni kazi ngumu kuliko kuthibitisha nadharia, na wenye subira yake si wengi.

Subira hiyo ina historia ndefu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, katika karne ya 9, ndiye mwenye kitabu kilichoipa dunia neno aljebra. Mlinganyo wa leo hujaa herufi na alama. Kitabu chake hakina hata moja. Kila kitu kimeelezwa kwa maneno, na sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi, kwa sababu hao ndio waliomhitaji. Namba iliyozidishwa kwa yenyewe aliiita mali, na namba yenyewe akaiita mzizi. Mfano wake mashuhuri ni huu: mali moja pamoja na mizizi yake kumi ni 39; je, mzizi ni ngapi? Nusu ya kumi ni 5. Zidisha kwa yenyewe, ni 25. Jumlisha na 39, ni 64. Kipeuo chake cha pili ni 8. Toa ile 5, inabaki 3. Thibitisha: mali ya 3 ni 9, mizizi kumi ni 30, jumla ni 39. Mama aliye jikoni anaweza kuufuata mfano huu bila kalamu.

Tumeuleta kwa sababu ya Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na sasa ina makala zaidi ya 70,000. Humo makala fupi inayongoja kukuzwa huitwa mbegu, jina zuri kuliko la Kiingereza, na katika hisabati mbegu ni nyingi kuliko miti. Mtoto wa Tanzania katika shule nyingi za msingi husoma hesabu kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza hukutana na hesabu zile zile kwa Kiingereza. Anayejua vyema namba tasa ni nini huonekana hajui, kwa kuwa hajui jina lake la pili. Makala ya Kiswahili iliyoandikwa vizuri, iliyounganishwa na ya Kiingereza kwa mguso mmoja wa kidole, ingekuwa daraja pale pale anapozama.

Kazi yenyewe ina miiba yake. Kipeo na kipeuo vinatofautiana kwa irabu moja, na anayeandika kwa haraka humpoteza msomaji. Tanzania huandika namba, Kenya hupenda nambari, na makala moja haiwezi kuyumba baina ya mawili. Yapo maneno ya hisabati ya juu ambayo vitabu vyetu havijayapa jina lililokubalika, na kwa kanuni ile ile ya kutoleta jambo jipya, mhariri haruhusiwi kujitungia tu. Wachache wanaoibeba kazi hii wangefarijika sana kuwapata walimu wa shule za msingi waliostaafu, ambao wamezitumia istilahi hizi kwa miaka thelathini mbele ya ubao.

Hakuna anayedai cheti. Simu yenye intaneti inatosha. Unafungua makala, unagusa neno hariri, unaongeza sentensi moja pamoja na jina la kitabu ulichoitoa na ukurasa wake. Ukikosea, mwingine atasahihisha, na ukurasa wa majadiliano utakueleza sababu. Anayetaka pa kuanzia aitazame makala ya sehemu, au ya asilimia, au ya pembetatu, amwite mjukuu wake aisome kwa sauti, na aangalie anakwama katika sentensi ya ngapi.