Unasafiri Nje ya Nchi na Mtoto Mdogo? Anzia Kliniki

Likizo na sikukuu zinapokaribia, familia nyingi za Mombasa hufunga safari. Wapo wanaopitia Lunga Lunga kwenda Tanga na Dar es Salaam, wanaokwenda kuwaona jamaa Unguja na Pemba, na wanaopanda ndege kwenda Muscat, Dubai au Jeddah. Tiketi na pasipoti hushughulikiwa mapema. Chanjo ya mtoto hukumbukwa siku za mwisho, na mara nyingi huwa wakati umekwisha.

Mzazi, mpeleke mtoto kliniki wiki 6 kabla ya safari. Beba Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto ili mhudumu aone chanjo alizopata na zilizosalia.

Kwa nini wiki 6?

Tanzania na Uganda huwataka wasafiri wanaotoka Kenya, kuanzia umri wa mwaka 1, waonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa Jumatatu akasafiri Ijumaa bado hajatimiza sharti. Habari njema ni kwamba sindano moja inatosha, na cheti hudumu maisha yote.

Mtoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hapewi chanjo hii, na aliye chini ya miezi 6 hapewi kabisa. Ikiwa mnakwenda mahali penye mlipuko wa homa ya manjano, muulize daktari kama safari inaweza kuahirishwa.

Mtoto wa miezi 9 pia hupata chanjo ya surua na rubela, na hurudia akifika miezi 18. Chanjo hii na ile ya homa ya manjano zinaweza kutolewa siku moja. Zisipotolewa siku moja, ni lazima wiki 4 zipite kati yake. Hapo ndipo wazazi wengi hukwama, kwa hivyo mweleze mhudumu tarehe ya safari kabla mtoto hajadungwa sindano yoyote.

Chakula na maji

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama pekee, hata kwenye joto la Ghuba. Hahitaji maji, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Kwenye ndege, mnyonyeshe inapopaa na inaposhuka, kwani kumeza hupunguza maumivu ya masikio.

Anayekula apewe chakula kilichopikwa kikaiva na kingali moto, maji ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, na matunda uliyoyamenya mwenyewe. Usimpe maziwa mabichi, yakiwemo ya ngamia. Katika nchi za Bara Arabu, ngamia wanaweza kuambukiza ugonjwa wa kupumua uitwao MERS, uliotambuliwa mwaka wa 2012.

Mtoto akihara

Kuhara humkausha mtoto mdogo haraka. Beba pakiti za ORS na vidonge vya zinki kutoka nyumbani. Changanya ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, umpe kidogo kidogo kwa kijiko, na uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Zinki hutolewa kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma.

Mkimbize hospitalini ukiona mojawapo ya dalili hizi:

- hawezi kunyonya wala kunywa;
- anatapika kila kitu;
- macho yamedidimia, au amelegea na ni vigumu kumwamsha;
- kinyesi kina damu;
- amepatwa na degedege.

Dawa mkobani

Acha dawa katika pakiti zake za asili na ubebe barua ya daktari. Baadhi ya dawa, hasa zenye kodeini, hudhibitiwa vikali katika nchi za Ghuba, na kuzibeba bila kibali kunaweza kukuingiza mashakani na sheria.

Mbu na homa

Kama mnakwenda Tanzania bara au Uganda, beba neti yenye dawa na umvishe mtoto nguo za mikono mirefu jioni. Mkirudi, usiseme homa ni uchovu wa safari. Malaria huweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuumwa na mbu. Mtoto akishikwa na homa, apimwe siku hiyo hiyo, na umwambie mhudumu mlikotoka.

Tahadhari hii inawahusu pia wageni wetu. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Muscat au Dubai akija Mombasa kumwona nyanya yake, mwili wake haujazoea malaria, na anaweza kuugua vibaya kuliko binamu zake wa hapa. Waambie wazazi wake wazungumze na daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria kabla hawajaondoka huko. Wakifika, mtoto alale ndani ya neti tangu usiku wa kwanza.

Chanjo za kawaida za watoto hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Kuhusu chanjo ya homa ya manjano na cheti chake, uliza katika kituo kilicho karibu nawe, au kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu, uelekezwe mahali pa kuipata. Uliza kabla ya kulipia tiketi.