Kasongo na Kabambare: Kamera ya zamani au mpya? Mwanga ndio utakaoamua

Mpiga picha wa Kasongo au wa Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, anayetaka kununua kamera ya fremu kamili ana njia mbili: kuchukua ya mtumba kwa dola mia chache, au kukusanya dola elfu mbili na zaidi ili apate mpya. Kwa mtu anayeishi kwa arusi, ubatizo, sherehe za shule na matanga, kukosea hapo ni kupoteza mtaji wa miaka.

Fremu kamili maana yake ni kwamba kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kina ukubwa wa milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya filamu ya zamani. Canon EOS 5D ilitoka mwaka 2005 kwa dola 3,299 bila lenzi, ikiwa na megapikseli 12.8. Mwaka 2008 zilifuata Nikon D700 yenye megapikseli 12.1 na Canon EOS 5D Mark II yenye 21.1. Kati ya zile za karibuni, Sony A7 III ya mwaka 2018 na Canon EOS R6 Mark II ya mwaka 2022 zina megapikseli 24.2 kila moja.

Je, tofauti hiyo inaonekana kwenye karatasi? Mchana, si sana. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji pikseli 1,800 kwa 1,200 ili itoke safi, yaani megapikseli 2 na kidogo. EOS 5D inatoa pikseli 4,368 kwa 2,912, zinazotosha hata picha ya ukutani ya sentimita 20 kwa 30. Na picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa na kupunguzwa, iwe imetoka kwenye kamera ya zamani au mpya.

Mambo yanageuka jua likitua. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, au kwenye ukumbi wenye taa moja ya sola, mpiga picha hulazimika kupandisha ISO. EOS 5D inafika 1,600, na 3,200 kwa kuilazimisha. A7 III inafika 51,200. Namba kubwa peke yake si ushahidi, kwa sababu hata kamera mpya huharibu picha ikifikishwa mwisho wake. Lakini pale ambapo ya zamani imeshajaa chembechembe, mpya bado inaonyesha sura za watu vizuri.

Mtihani wa pili ni bibi arusi mwenye gauni jeupe saa sita mchana. Ukipima mwanga kwa gauni, uso wenye ngozi nyeusi unazama gizani. Ukiuangaza baadaye kwenye kompyuta, kamera nyingi za zamani hutoa chembechembe na hata mistari. Vihisi vingi vya sasa hugeuza mwanga kuwa namba ndani ya kihisi chenyewe, kwa hiyo kelele za umeme ni chache na uso unarudi bila kuchafuka. Mwenye kamera ya zamani anaweza kujisaidia: awaweke maarusi kivulini chini ya mwembe, au atumie flashi.

Hata hivyo, mpya ina gharama zake. Nyingi hazina kioo cha ndani. Mpiga picha hutazama kwenye skrini ndogo inayokula umeme. Canon ilikadiria picha 800 kwa betri moja ya EOS 5D, lakini 370 tu kwa EOS R ya mwaka 2018. Kwa anayechaji kwa sola au jenereta, hesabu hiyo ni nzito, na betri ya pili ni lazima.

Ya zamani nayo ina taabu zake. EOS 5D hutumia kadi za CompactFlash, ambazo haziingii kwenye nafasi ya kadi za SD. Haichukui video hata kidogo, wala haina mtambo wa kujisafisha vumbi kwenye kihisi, na vumbi jekundu la barabara za kiangazi halina huruma. Mark II inajisafisha na inachukua video.

Kabla ya kulipa, mnunuzi wa mtumba apige picha ya anga kwa f/16: madoa meusi ni vumbi. Apige nyingine kwenye kona yenye giza kwa ISO 1,600 na kuikagua kwenye kompyuta. Aulize pia idadi ya picha zilizokwisha kupigwa, maana shata ya EOS 5D ilitengenezewa takriban mara 100,000.

Kwa picha za mchana za kuchapwa, kamera ya zamani yenye lenzi nzuri na flashi bado inalisha familia. Kwa sherehe za usiku na video, mpya inastahili kusubiriwa. Mteja hataulizia mwaka wa kamera. Ataangalia kama uso wa mama yake unaonekana.