Kodi ya nyumba nusu Wyoming: nafuu kwa nani, pengo kwa nani

Novemba 2026 wapigakura wa jimbo la Wyoming, Marekani, wanatarajiwa kuamua kama kodi ya nyumba wanazoishi ipunguzwe kwa nusu. Pendekezo hilo limeletwa na wananchi wenyewe kwa kukusanya sahihi. Linamlenga mwenye nyumba anayeishi humo, ambaye amekuwa mkazi wa jimbo kwa angalau mwaka mmoja.

Asilimia 50 ni namba inayonata kichwani. Uzito wake haulingani kila mahali, na hilo linaonekana wazi tukiipeleka Niobrara, kaunti yenye watu wachache kuliko zote 23 za jimbo hilo. Sensa ya 2020 ilihesabu humo watu 2,467 katika eneo la takriban kilomita za mraba 6,800, yaani mtu mmoja kwa karibu kilomita 3 za mraba. Makao makuu yake ni mji mdogo wa Lusk.

Bili inavyopatikana

Wyoming haitozi mtu binafsi kodi ya mapato. Kwa hiyo kodi ya majengo hubeba mzigo mkubwa: shule, ofisi za kaunti, sherifu, hospitali, zimamoto, hata udhibiti wa magugu na wadudu mashambani.

Tanzania kodi ya majengo hukatwa kupitia malipo ya umeme ya LUKU kwa kiwango maalumu. Ilianza na Sh1,000 kwa mwezi mwaka 2021, ikapandishwa hadi Sh1,500 mwaka 2023 kwa nyumba ya kawaida. Wyoming hawafanyi hivyo. Kila nyumba huthaminiwa kwa bei ya soko, kisha 9.5% tu ya bei hiyo ndiyo hutozwa kodi.

Tuchukue nyumba ya dola 200,000 mjini Lusk. Thamani inayotozwa ni dola 19,000. Tuseme jumla ya viwango vya eneo hilo ni dola 70 kwa kila dola 1,000. Bili ya mwaka itakuwa dola 1,330, nayo itagawanywa hivi:

- Shule (43 kati ya 70): dola 817
- Kaunti (12): dola 228
- Mji (8): dola 152
- Hospitali (6): dola 114
- Magugu na wadudu (1): dola 19

Huu ni mfano wa hesabu tu, si bili ya mtu fulani. Hata hivyo 43 za shule ndivyo zilivyo kisheria, na 12 za kaunti na 8 za mji ni ukomo uliowekwa na katiba ya jimbo. Ukomo huo utatuhusu sana mbele.

Nafuu inaishia kwa nani

Malalamiko yana msingi. Baada ya 2020 bei za nyumba zilipanda kwa kasi na bili zikafuata, hata kwa mstaafu ambaye kipato chake hakikuongezeka. Mwaka 2024 Bunge la jimbo liliweka ukomo wa 4% kwa ongezeko la bili kwa mwaka. Likawapa pia punguzo la 50% wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliolipa kodi ya nyumba Wyoming kwa miaka 25. Mwaka 2025 likapitisha punguzo la 25% kwa nyumba za familia moja, kwa dola milioni 1 ya kwanza ya thamani.

Tukichukua kila punguzo peke yake, nyumba yetu ya dola 200,000 inaokoa dola 332.50 kwa punguzo la 25%, na dola 665 kwa la 50%. Kwa mzee anayeishi kwa pensheni, dola 665 si haba.

Sasa tuhamie kwenye nyumba ya dola milioni 1 mjini Jackson, kwenye kaunti ya kitalii ya Teton. Kwa viwango vilevile, bili yake ni dola 6,650, na nusu yake ni dola 3,325. Mwenye nyumba hiyo anaokoa mara tano ya mwenzake wa Lusk. Sheria inawapa wote asilimia ileile, ila anayeondoka na fedha nyingi ni yule mwenye mali nyingi.

Pengo linaishia wapi

Swali la kwanza la kuuliza katika kaunti yoyote ni hili: nyumba ni sehemu gani ya mali yote inayotozwa? Zikiwa 20%, kuzikata nusu kunapunguza makusanyo kwa 10%. Zikiwa 60%, yanapungua kwa 30%.

Hapo ndipo madini yanapoingia. Makaa ya mawe, mafuta na gesi hutozwa kwa 100% ya thamani ya kinachochimbwa, wakati nyumba hutozwa kwa 9.5%. Kaunti yenye migodi mikubwa, kama Campbell, inaweza kupunguziwa kodi ya nyumba bila kutikisika sana. Isiyo na migodi huegemea nyumba, malisho na biashara zake, na ardhi ya kilimo huthaminiwa kwa uwezo wake wa kuzalisha, si kwa bei ya soko.

Shule zina kinga kiasi. Makusanyo ya wilaya yakipungua, mfumo wa fedha za elimu wa jimbo huziba pengo. Fedha hizo nazo zina chanzo, na kwa Wyoming chanzo kikuu kwa miaka mingi kimekuwa madini. Uchimbaji wa makaa ya mawe ulishuka kutoka zaidi ya tani milioni 460 za kipimo cha Marekani mwaka 2008 hadi chini ya milioni 200 mwaka 2024.

Dola 27 zilizobaki kati ya zile 70 hazina kinga ya namna hiyo. Tuangalie hospitali. Tuseme eneo lake lina nyumba 800 za thamani kama ile ya mfano wetu, zote zinazostahili punguzo. Kwa kiwango cha 6, zinaipatia dola 91,200 kwa mwaka. Punguzo la nusu linaondoa dola 45,600. Kwa hospitali ya jiji, kiasi hicho hakitaonekana. Kwa hospitali ya mji kama Lusk, ni karibu nusu ya mshahara wa muuguzi mmoja: mwaka 2024 mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa Marekani ulizidi dola 90,000.

Wala muuguzi hakatiki nusu. Zamu ya usiku inahitaji mtu mzima, na gari la wagonjwa linakwenda umbali uleule hata kodi ikipungua. Hospitali ikifunga huduma, jiji la Casper liko takriban kilomita 170 kutoka Lusk.

Je, kaunti haiwezi kupandisha kiwango ili kufidia? Iliyokwisha kufika 12 haiwezi, kwa sababu katiba imeifungia mlango. Inabaki kupunguza huduma, kuomba jimbo, au kutafuta kodi nyingine.

Kodi nyingine humfika nani

Mwaka 2024 kulikuwa na hoja bungeni ya kufidia nafuu ya nyumba kwa kuongeza kodi ya mauzo, ambayo kiwango chake cha jimbo ni 4%, kwa pointi 2. Familia inayonunua bidhaa zinazotozwa za dola 20,000 kwa mwaka ingelipa dola 400 zaidi. Mwenye nyumba yetu ya Lusk, akipata nafuu ya dola 665, angebaki na dola 265. Mpangaji angelipa dola 400 bila kupata hata senti moja ya punguzo. Chakula cha kupika nyumbani hakitozwi, lakini nguo, vipuri na fanicha vinatozwa.

Asilimia au kiasi maalumu?

Ipo njia ya kumfikia mstaafu wa Lusk bila kumlipa zaidi tajiri wa Jackson: kusamehe kiasi maalumu badala ya asilimia. Dola 100,000 za kwanza za thamani zikisamehewa, mwenye nyumba ya dola 200,000 anaokoa dola 665 zilezile. Mwenye nyumba ya milioni naye anaokoa 665, si 3,325. Kwenye nyumba hiyo moja, dola 2,660 zinabaki kwenye makusanyo.

Njia hiyo peke yake haiokoi hospitali ya Niobrara, kwa sababu bili za nyumba kama ya mfano wetu zitapungua kwa kiasi kilekile. Inachofanya ni kupunguza gharama ya nafuu kwa jimbo zima, na kulibakizia jimbo uwezo wa kufidia kaunti zisizo na pa kuongeza. Fidia hiyo ingepaswa kuandikwa ndani ya sheria yenyewe, pamoja na kiasi chake na chanzo chake. Bila hilo, mkazi wa Niobrara anapigia kura bili yake ya nyumba, na kwa kura hiyohiyo anaamua kama zamu ya usiku itakuwa na muuguzi.