Sindano za "UTI sugu" haziponyi tezi dume

Swali ni lile lile: "Daktari, nichomwe sindano ngapi ili hii UTI sugu iishe?" Anayeuliza ni mwanaume mwenye maumivu ya kinena na mkojo unaochoma, na kila baada ya miezi michache vipimo vinamkuta na bakteria yule yule. Jibu langu: hata moja.

Bakteria anayerudi namna hiyo mara nyingi amejichimbia kwenye tezi dume, na seftriaksoni, ampisilini na jamii yake hazimfikii vya kutosha. Ukuta wa tezi hupitisha zaidi dawa zinazoyeyuka kwenye mafuta. Maambukizi makali, yenye homa na kutetemeka, huulegeza ukuta huo, na hapo sindano huokoa maisha. Ugonjwa ukishakuwa wa kudumu, njia imefungwa. Sindano husafisha mkojo tu. Mgonjwa anapata ahueni, anamsifia aliyemchoma, kisha bakteria wanashuka tena kutoka kwenye tezi. Ahueni hiyo ya muda ndiyo inayoziuza sindano hizi, na inanikera.

"Lakini dozi fupi ya vidonge ni rahisi." Rahisi kwa hesabu gani? Siprofloksasini, dawa inayoifikia tezi, ya miligramu 500, mara mbili kwa siku kwa wiki 4, ni vidonge 56. Dozi ya siku 5 ni vidonge 10. Ukiinunua mara 6 umelipia vidonge 60, hujapona, na bakteria waliobaki huenda wameshaizoea dawa. Hapo hatujagusa sindano, nauli wala siku za kazi zilizopotea.

Kinachookoa fedha ni kipimo mnachokikimbia: kuotesha mkojo wa kabla na wa baada ya daktari kuikanda tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Kati ya wanaume wenye maumivu haya ya muda mrefu, wenye bakteria kweli hawafiki mmoja kwa kumi. Wengine wanahitaji tiba tofauti. Kuwarudishia antibiotiki kila mwezi ni kuwamaliza mfuko.

Bakteria akionekana: siprofloksasini au levofloksasini, wiki 4 hadi 6, kama majibu yanaonyesha zinamuua. Zikishindwa, kotrimoksazoli, hadi miezi 3, nayo kwa majibu ya maabara, maana kwetu bakteria wengi wameizoea. Klamidia: doksisaiklini, na mwenza atibiwe. Bakteria sugu zaidi: fosfomaisini, kwa bingwa. Siprofloksasini usiimeze pamoja na maziwa, dawa za kiungulia au vidonge vya madini ya chuma. Kano ya kisigino ikianza kuuma, acha dawa siku hiyo hiyo, uje hospitali.