Wacha Kusumbua Hizo MP3 za Kitambo

Kila mbogi iko na msee mmoja mwenye ako na ile folda. Ilitoka kwa kompyuta ya cyber ikaingia flashi, ikatoka flashi ikaingia memori kadi ya simu ya batani, saa hii iko kwa smartfon yenye kila asubuhi inamsho nafasi imeisha. Ndani kuna genge, kuna kapuka, kuna riddim zenye hakuna mtu anajua ziliingia aje, na nusu ya hizo ngoma zinaitwa "Track 01". Sasa ameskia pale base eti MP3 ni ya wahenga, watu walishahamia fomati mpya. Anataka kukonvati folda yote usiku mmoja, aamke na sauti safi.

Buda, tulia kwanza. Sauti safi haitoki hapo. Nafasi kwa simu inaweza patikana, na hata hiyo si kwa kila ngoma.

Cheki venye MP3 inafanyanga kazi. Majamaa wa Fraunhofer pale Erlangen, Ujerumani, Karlheinz Brandenburg akiwa mmoja wa vichwa, walichanuka kitu moja kuhusu maskio: sauti kubwa ikigonga, ile ndogo iko karibu nayo huiskii. Sasa mbona ulipe nafasi ya kuiweka? Inatupwa. Ngoma ya CD inakulanga kilobiti 1,411 kila sekunde, MP3 ya kawaida inatosheka na 128. Kwa ngoma ya dakika nne, hiyo ni kutoka kedo MB 42 hadi chini ya MB 4. Brandenburg alikuwa anapima mashine yake na "Tom's Diner" ya Suzanne Vega, juu ni sauti ya mresh mmoja bila beat ya kuficha makosa, na mwanzoni ilitoka mbaya. Jina .mp3 lenyewe lilichaguliwa Julai 1995. Enyewe ilikuwa akili mingi. Lakini shika hapo kwa neno "inatupwa", juu chenye kilitupwa Erlangen hakirudi Kayole.

Na zile za kwetu zilifika zimekonda zaidi. Kabla keboli za baharini za TEAMS na SEACOM zitue Mombasa 2009, neti ilikuwa inashukia setilaiti, polepole na kwa bei ya kuuma. Cyber unalipa kwa dakika, msee wa kaunta anakucheki na saa. Nani angengoja ngoma ya MB 10? Ulibeba ile ndogo, ukashukuru. Clemo akipika genge pale Calif Records, Ogopa DJs nao wakiachilia kapuka, studio kulikuwa na kitu kamili. Chenye kilifika mtaani ni kopi ya kopi: mtu ameweka CD kwa kompyuta, Windows Media Player ya XP ikaifanya WMA bila kumuuliza, beshte yake akaigeuza MP3 ndio iingie kwa simu, mwingine akaipunguza tena ndio itoshee kwa kadi. Kuna mayut walimjua rapa E-Sir, mwenye alituacha 2003, kupitia faili za aina hiyo pekee, na bado walishika kila mstari.

Haya, tukuje kwa hiyo fomati mpya yenyewe. Kwa mtu wa Android, yenye inafaa kubongewa ni Opus. Iliwekwa rasmi Septemba 2012 na IETF, wale wasee wa kupanga sheria za intaneti. Ndani ni ndoa ya vitu mbili: SILK yenye ilitoka Skype, ilikuwa noma kwa sauti ya mtu akibonga, na CELT ya Xiph.Org, yenye ilikuwa ya mangoma. Inaanzia kilobiti 6 kwa sekunde inapanda hadi 510, na hakuna doh ya leseni. Hata ka hujawai iskia, unaitumianga kila siku: voisnoti za WhatsApp ni Opus. YouTube pia inapitisha sauti zake nyingi humo. Na kwa mtihani wa maskio wenye watu wa audio walifanya 2014, Opus ya kilobiti kama 96 iliipita MP3 yenye ilikuwa imepewa kilobiti mingi kuliko yake.

Sasa hapo ndio mafala wanaingia box. Kwa huo mtihani, Opus ilipewa sauti nzima, haijaguswa. Wewe unaipa MP3. Konvata haiwezi ruka kutoka MP3 hadi Opus moja kwa moja. Inafungua kwanza hiyo MP3 ikuwe sauti tupu, na mashimo yake yote, alafu Opus inaangalia kenye kimebaki na inatupa vyake pia. Haijui kuna mwenye alikuwa ameshapita hapo na panga. Utaiskia kwa hi-hat na makofi: badala ya kukata, zinaanza kumwagika kama maji. Kwa kipaza cha simu hutashtuka. Weka kwa spika ya maana uone.

Kuna mjanja mwingine atakusho, basi peleka kwa FLAC, juu FLAC haitupi kitu. Ni ukweli, haitupi. Itahifadhi hayo mashimo yako yote, safi, na faili itanona mara kadhaa. Strungi ukiimimina kwa ile thermos ya maua ya wageni, inabaki strungi.

Tupige hesabu basi, hii ndio sehemu watu hawapendi. Ngoma ya dakika nne kwa kilobiti 128 ni MB 3.84. Ikiingia Opus ya 96 inakuwa MB 2.88. Kwa ngoma elfu moja umeokoa kitu haifiki giga moja, na umeharibu zote elfu. Hiyo giga ungeipata kwa kufuta mavideo za "good morning" kwa grupu ya familia. Lakini zile za kilobiti 320, hizo ni stori ingine. Ngoma elfu zinameza giga 9.6. Zipeleke Opus ya 128, zinakuja kukaa karibu giga 4, na juu zilikuwa na nyama ya kutosha, maskio ya kawaida hayatajua kumefanyika kitu. Rada ni hiyo: nono zinaweza punguzwa, nyembamba zinaachwa vile ziko.

Alafu hakikisha ni nono ya ukweli. Mtaani kumejaa 320 feki, ngoma yenye ilikuwa 128 mtu akaipandisha ndio ionekane ya maana. Kuna programu ya bure inaitwa Spek, inakuchorea picha ya sauti. Ukiona faili imeandikwa 320 na rangi zote zimekatika ghafla kama kilohezi 16, ka mtu ametumia rula, jua ulichezwa. Hiyo usihangaike kuikonvati, tafuta ingine.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwa kompyuta shika fre:ac, ni ya bure na ina batani. Ka wewe ni msee wa kuandika komandi, FFmpeg inamaliza na laini moja:

ffmpeg -i ngoma.mp3 -c:a libopus -b:a 128k ngoma.opus

Jaribu ngoma chache kwanza, chagua zenye ziko na hi-hat mingi, na uskize na earphone za waya. Za Bluetooth zitakudanganya, juu mara mingi sauti inakandamizwa tena ikiwa hewani, kwa hivyo hutajua kosa ni la nani. Na MP3 zenyewe usifute. Zitupe kwa flashi ama hadi-diski ya zamani, ziende zikalale. Ukikonvati na kufuta same day, hakuna mlango wa kurudi.

Wenye wako na sababu ya kukonvati bila maswali ni watu wa WMA. Hizo faili Android mingi zinazikataa, na sauti yenye haichezi haina kwoliti ya kulinda. Zipeleke Opus, na uzipe kilobiti za kutosha, usizibanie. Wa iPhone nao waende AAC, juu ile app yake ya muziki haitaki faili za .opus.

Kitu ingine: ka wewe ndio unapeanga donda flashi ya mangoma za nganya, usiguse. Redio mingi za ndai zinasoma MP3 na WMA, ukiweka Opus flashi inaonekana ni tupu, na saa hiyo gari imejaa kutoka tao na watu wanataka vaibu. Ndio maana nilicheka 2017 wakati Fraunhofer walifunga leseni zao na mabloga wakaandika eti MP3 imededi. Kenye kilikuwa kimededi ni patenti. MP3 yenyewe ikawa ya bure kwa kila mtu, na ikaendelea kubeba abiria Rongai.

Ka ni sauti safi unataka kweli, rudi kwa chanzo. Tafuta CD orijino. Ziko bado kwa makabati za wazazi, na wengi hawana hata mashine ya kuzicheza. Cheki pia ka msanii amepakia ngoma upya kwa mitandao ya kustrimu, juu wengi wa enzi ya genge wamerudisha kazi zao. Produsa wengine walihifadhi faili za studio, wengine kompyuta zao zilikufa nazo.

Na kuna zile hazitawai patikana pengine, zenye mtu alirekodi kutoka redioni na DJ akajitaja mara mbili katikati ya korasi. Zikonvati ukitaka. Atajitaja tu, sasa kwa kilobiti 96.